Sukari Iliyorudi Kila Jumatatu

Lodwar kila mtu ana kiu. Ndiyo sababu nilichelewa kujua kwamba kiu yangu ilikuwa ugonjwa. Nilikuwa nimekaa Turkana miaka tisa nikiwa mpimaji wa visima, na kila mgeni aliyeletwa ofisini kwetu tulimpa ushauri uleule: kunywa kabla hujahisi kiu, na ukipata soda usiiache, maana jua hili humkausha mtu akiwa amesimama. Mimi niliufuata ushauri huo kuliko wote. Kiangazi cha mwaka huo, kile Waturkana wanachokiita akamu, nilikuwa nakunywa soda tano kwa siku, na juu yake maji yenye unga wa glukosi ambao madereva walinishauri niutie katika chupa ya safari. Kadiri nilivyokunywa ndivyo kiu ilivyozidi. Nikasema jua la mwaka huu limetia fora.

Kazi yangu ni kuteremsha kamba ndefu kisimani. Kamba ina alama kila nusu mita, na mwishoni ina kikombe cha chuma kinacholia kinapogusa maji. Unasoma alama, unaandika, unaiacha pampu ivute, kisha unapima tena. Nilipoanza kushindwa kusoma alama nilidhani rangi imefifia, nikazipaka upya. Bado sikuziona. Wakati huohuo nilikuwa naenda haja ndogo kila baada ya muda mfupi. Kule Kalemng'orok, mlinzi wa pampu, mtu mcheshi anayeitwa Ekai, alinitazama nikirudi kutoka nyuma ya kichaka kwa mara ya nne asubuhi moja.

"Mzee," akasema, "sisi tunahangaika na kisima hiki bure. Wewe una maji mengi kukishinda."

Tulicheka wote wawili. Lakini jioni ile niliona sisimizi wamejipanga pale nilipokojoa, na sikucheka tena.

Ninaandika haya kwa ajili ya mtu aliyeambiwa juzi kwamba ana sukari na ambaye bado hajamwambia mtu nyumbani. Sina elimu ya udaktari. Niliacha shule darasa la saba, na mengine nimejisomea. Nitaeleza tu nilichokifanya, kwa utaratibu nilioufanya, pamoja na kosa moja ambalo karibu lingeniharibia yote.

Katika benchi la hospitali ya Lodwar nilikuwa mgonjwa pekee asiye na homa. Kina mama walikuwa wamepakata watoto wa malaria, na mmoja wao aliniomba nimshikie wake akanywe maji. Nilimshika mtoto yule karibu saa nzima. Ukiwa unaogopa, kumshika mtoto wa mtu mwingine ni msaada mkubwa. Mikono inapata kazi.

Tabibu, ambaye sisi sote tulimwita daktari, alichukua mkojo wangu, akautia matone manane katika mrija wa kioo wenye dawa ya buluu, akauchemsha juu ya taa ya spiriti. Buluu ikawa kijani, kijani ikawa njano, njano ikawa rangi ya chungwa, na mwisho ikatulia kwenye wekundu wa tofali. Mpaka leo nimepima maji zaidi ya miaka ishirini, Turkana na kwingine. Sikuwa nimewahi kuona maji yakijibu.

Alinitoboa kidole pia, kisha akaniuliza ninaishi wapi. Nikamwambia: siku za kazi Lodwar, au Namoruputh, au popote penye kisima; mwisho wa juma Kakuma, kwa mke wangu.

"Nitakupa vidonge," alisema. "Lakini kwa kiwango hiki vidonge peke yake havitatosha. Usipobadilisha maisha, utahitaji sindano ya insulini, na insulini inataka baridi. Wewe leo uko Namoruputh, kesho uko njiani. Utaiweka wapi katika joto hili? Nitalazimika kuwaandikia wakubwa wako wakuhamishie Kitale."

"Mke wangu hatahama."

"Basi una kliniki tatu. Hii ya leo, ya mwezi ujao, na ya mwezi wa mvua. Tukifika hapo rangi ikiwa hivi, naandika barua."

Mama Akisa, mke wangu, asingehama kweli. Sisi ni Wateso kutoka upande wa Busia, na alinifuata Turkana bila kunung'unika hata mara moja, lakini kambi ya wakimbizi ilipofunguliwa Kakuma alijenga hoteli yake kwa mikono yake: kuta za miti ya mkoma, paa la mabati, meza nne. Wasudani walikunywa chai kwake toka alfajiri. Hicho ndicho kitu cha kwanza katika maisha yake ambacho hakikuwa cha baba yake wala changu. Kwa hiyo barua ya daktari ilikuwa na maana moja: mimi Kitale, yeye Kakuma, na barabara ya siku nzima katikati yetu.

Nilimuuliza daktari ugonjwa wenyewe ni nini hasa. Alinijibu kwa maneno ambayo sijayapata bora zaidi hata katika kitabu cha wauguzi alichoniazima baadaye. Alisema mwili wangu ulikuwa bado unatengeneza insulini, tena nyingi, ila viungo vilikuwa vimeacha kuisikia. Kongosho inapaza sauti, viungo vinazidi kuwa viziwi.

"Kiziwi huyo hupona?" nikauliza.

"Mara nyingine. Mpunguzie kelele, umtembeze. Na usiache vidonge mpaka mimi niseme."

Nilimwomba chupa ya ile dawa ya buluu na mrija mmoja. Alinitazama kwanza, kisha akanipa.

Nilifanya kama ninavyofanya kisimani. Unabadilisha kitu kimoja, unangoja, unapima, unaandika. Juma la kwanza niliacha soda na glukosi tu. Kichwa kiliuma siku tatu, na siku ya nne nilimgombeza dereva kwa kufunga mlango kwa nguvu. Rangi ikashuka kutoka tofali hadi chungwa. Juma la pili nikaacha sukari ya chai. Juma la tatu nikapunguza ugali, kutoka kile kilima nilichokizoea mpaka kipande kama ngumi, na nafasi yake nikaijaza kunde, dengu na samaki wa ziwani. Juma la nne nikaanza kutembea alfajiri kando ya Turkwel, kabla mchanga haujachoma. Mwanzoni nilitembea mpaka penye mikoma mitatu nikarudi nikihema. Baadaye nilikuwa nafika mbali kiasi kwamba wachungaji wa mbuzi waliniuliza nimepoteza mnyama gani.

Kukataa chakula ndiko kulikokuwa kugumu kuliko njaa. Turkana chai ya maziwa yenye sukari nyingi ni heshima, na mtu haikatai heshima hivihivi. Kule Namoruputh mama mmoja mwenye boma karibu na kisima alinipikia kama kawaida. Baada ya salamu ya "ejok" na kuulizana habari za mifugo, nilimweleza, maana lugha yake na yangu ni ndugu, kwamba damu yangu imejaa sukari.

Alifikiri kidogo. "Kumbe unayo yako mwenyewe," akasema. "Basi usinimalizie yangu." Akacheka mpaka shanga zikatikisika, akaniletea maziwa ya ngamia yaliyoganda. Kila nilipopita tangu siku hiyo aliniwekea maziwa yale, na hakuniuliza tena.

Kliniki ya pili daktari alifurahi nusu. Kidole kilionyesha nafuu, lakini si ile aliyoitarajia kwa mtu aliyekuwa akijieleza kama mimi. Nikamwonyesha daftari. Jumanne mpaka Ijumaa, tangu juma la pili, kijani au buluu. Jumatatu, nikishafika Lodwar, chungwa. Jumatatu zote nne.

"Kakuma unakula nini?" akaniuliza.

"Kilekile."

Alinirudishia daftari. Niliona aibu kama mtu aliyeshikwa akidanganya, ingawa sikuwa nimedanganya.

Sasa niseme mambo ya nyumbani. Nilikuwa nimekonda. Uzito uliopotea kwa ugonjwa ulikuwa umefuatwa na ule nilioupoteza kwa makusudi, na mashavu yalikuwa yameingia ndani. Miaka ile mtu akikonda watu walikuwa na jibu moja tu, na hawakulitaja jina. Walisema "ile kitu," au walinyamaza. Mimi sikulifikiria hilo hata kidogo. Nilikuwa nikiangalia rangi katika mrija na kuona ninapona. Watu walikuwa wakiangalia shingo yangu.

Tena, nilipofika Kakuma nilikaa katika hoteli ya mke wangu, mbele ya wateja wake, nikakataa mandazi yake na chai yake. Sikuwa nimemweleza vizuri ni kwa nini. Nilikuwa nimemwambia "daktari amesema nipunguze sukari," kama mtu anayesema ameambiwa anyoe ndevu. Habari za sindano na Kitale nilizificha, nikidhani namkinga.

Jumamosi moja niliona wateja wawili wakitoa vikombe vyao wenyewe kwenye mifuko, wakamwomba awamiminie humo. Juma lililofuata walikuwa watano. Nikasema moyoni: hoteli imepanuka, vikombe havitoshi. Nikanunua dazeni ya vikombe vya bati Lodwar, nikamletea nikiwa na furaha. Mama Akisa alivitazama, akavifunika kwa kitambaa, akaingia jikoni akalia. Mimi nikabaki nimesimama, nikijiuliza kama labda alitaka vya udongo.

Baada ya kliniki ile ya pili nilizidisha bidii Kakuma. Jumamosi ya kwanza nikatembea mpaka mwisho wa kambi na kurudi. Jumatatu, chungwa. Juma lililofuata nikaacha ugali kabisa siku zote mbili. Chungwa. Nikailaumu barabara, vumbi, usingizi mbaya kwenye lori. Mvua zilikuwa zimekaribia. Mawingu yalikuwa yameanza kukaa juu ya milima ya upande wa Uganda kila alasiri bila kushuka. Nilikuwa na majuma mawili.

Kilikuwa kimebaki kitu kimoja ambacho sikuwa nimekigusa, kwa sababu sikukishuku: uji. Kila asubuhi Mama Akisa alinipikia uji wa wimbi wenye ukwaju, kama mama zetu walivyopika, mchachu wa kukunja uso. Siku hizo ulikuwa mchachu kuliko wa zamani, na mzito zaidi, na mimi nilikuwa nimeusifu. Kumbuka pia kwamba nilikunywa bakuli la mwisho Jumatatu alfajiri, kabla ya kupanda lori.

Ijumaa jioni nilisafiri na mrija, taa na dawa mpaka Kakuma. Jumamosi asubuhi nikapima kabla ya uji: kijani hafifu. Nikanywa uji. Nikangoja saa mbili nikisoma kitabu cha wauguzi nyuma ya nyumba. Nikapima tena. Rangi ilipita chungwa, ikaelekea tofali.

Nikaingia jikoni. Alikuwa anakanda unga wa mandazi.

"Mama Akisa, uji huu una nini?"

"Wimbi na ukwaju."

"Na nini tena?"

Hakuacha kukanda. "Na mume ambaye watu wanasema anakufa."

Nilikaa juu ya gunia.

"Nimetia ule unga wa lishe," akasema. "Ule wanaopewa watoto waliodhoofika huko kambini. Una mahindi, una soya, una sukari yake. Nikaongeza na sukari yangu. Nikaongeza ukwaju usijue. Sasa nipige."

"Nikupige kwa nini?"

"Kwa nini!" Aligeuka, mikono imejaa unga. "Baba Akisa, wewe unasoma vitabu lakini watu huwasomi. Unajua kwa nini wanakuja na vikombe vyao? Wanasema umeipata, na mimi nimeipata kwako. Mwanamke mmoja amefuta kiti kabla ya kukalia. Kiti changu! Halafu wewe unakuja hapa kila Jumamosi umekonda zaidi, unakataa chakula changu mbele yao, unanunua vikombe! Nilitaka unenepe. Basi. Nilitaka unenepe wanyamaze."

Ndipo nikamwambia yote: sindano, baridi, Kitale, barua, kliniki iliyobaki. Alisikiliza mpaka mwisho, na uso wake ukawa mgumu zaidi, si laini.

"Karibu miezi miwili unajua kwamba wanataka kukuondoa hapa," akasema, "na mimi nasikia leo."

Nililala na hilo siku nyingi, na bado naona alikuwa na haki zaidi kuliko mimi.

Nilimwita nyuma ya nyumba, nikawasha taa. Nilikuwa nimehifadhi mkojo wa kabla na wa baada katika chupa mbili. Nikachemsha wa kwanza mbele yake, nikauosha mrija, nikachemsha wa pili. Aliinama karibu sana mpaka nikamwambia aangalie nywele.

"Hii nyekundu ni mkojo wako?"

"Hiyo ni uji wako."

Alitazama mpaka kioo kilipopoa. Kisha akaenda, akachukua kile kifuko cha unga wa lishe kutoka nyuma ya madebe, akampelekea jirani mwenye mtoto mchanga. Uji wa Jumapili ulikuwa mwepesi, nusu bakuli, na mchachu wa kawaida.

Jumapili hiyohiyo, baada ya ibada, hoteli ilikuwa na watu kidogo. Katekista Marial, Msudani mrefu ambaye hakuacha kuja hata vikombe vilipoanza kuletwa, alikuwa meza ya mbele. Aliweka glasi yake ya chai chini.

"Baba Akisa, mimi nauliza mbele ya watu, si nyuma," akasema. "Wewe iko mgonjwa ya nini?"

Kabla sijafungua mdomo, Mama Akisa alitoka jikoni. "Ana sukari," akasema kwa sauti ya kuita wateja. "Sukari! Si hiyo nyingine mnayoinong'ona. Imo kwenye mkojo wake, nimeiona kwa macho yangu. Na hata kama ingekuwa hiyo nyingine, chai yangu ingekuwa na kosa gani?"

Marial akasema, "Sukar kwa mkojo? Mimi nataka kuona."

Alionyeshwa. Aliporudi alitaka wake pia upimwe, na ulipobaki buluu alitembea nao kutoka meza hadi meza akiwa ameuinua, kama mtu aliyefaulu mtihani, mpaka Mama Akisa akamfukuza: "Toa huo mkojo kwenye hoteli yangu, katekista wewe!" Watu walicheka. Sitasema vikombe vya mifukoni viliisha siku hiyo. Vilipungua polepole, na wawili au watatu hawakurudi kabisa. Lakini watu walianza kuniuliza mimi mwenyewe habari zangu, na hilo lilitosha.

Kwa yule niliyemkusudia mwanzoni: usinakili mlo wangu, mwili wako si wangu, na vidonge ni vya daktari kukupunguzia, si vya wewe kuviacha. Nakili jambo hili tu. Kabla hujabadilisha sahani, mweleze anayeipakua. Mimi nilipima kila kitu isipokuwa hofu ya mtu aliyekuwa akinipikia, na hiyo ndiyo iliyokuwa ikirudisha sukari. Mpaka leo natembea alfajiri, ugali wangu bado ni ngumi, na nikizembea wiki mbili rangi hunisuta. Sijioni kama mtu aliyepona. Najiona kama kisima kinachotunzwa.

Kliniki ya tatu ilifika mvua zikiwa zimeshanyesha mara mbili na Turkwel imechafuka. Mama Akisa alifunga hoteli siku nzima, jambo ambalo hakuwa amewahi kulifanya, akaja nami Lodwar. Alikaa benchini kati yangu na mzee mwenye jicho lililofungwa, mkoba magotini. Tulipoitwa aliingia mbele yangu.

Daktari alinitoboa kidole. Akachemsha mkojo. Ulibaki buluu, na mwishoni ukatia kijani kidogo sana. Akafungua daftari, akapitisha kidole kwenye Jumatatu mbili za mwisho, akaangalia tena kana kwamba nimezifuta.

"Barua sitaandika," akasema. "Vidonge tutapunguza nusu. Baada ya miezi miwili tutaona kama tutaviacha."

Niliinama kuchukua daftari langu. Mama Akisa ndiye aliyeuliza.

"Daktari, atanenepa tena?"

"Mama, unataka abaki Turkana?"

"Ndiyo."

"Basi usiombe anenepe."

Tulipotoka nje mvua ilikuwa inaanza tena, na watu walikuwa wamejibana chini ya paa. Tulisimama ukutani pamoja nao. Aliuchukua mkono wangu, akazungusha kidole gumba na cha kati kwenye kifundo, akaona vinakutana na kupitana. Akaushika hivyo kwa muda, akiangalia mvua.

"Basi nitazoea," akasema.